Kompyuta ya zamani nyumbani: namna ya kuifanya iingie yenyewe bila kuiondolea nywila

Mzee mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, mwalimu mstaafu, alinipigia simu Jumamosi asubuhi. "Kijana wangu, hii mashine imenikataa tena." Nikamuuliza imeandika nini. Akanisomea polepole, neno kwa neno, kama anayesomea darasa imla: jina au nywila si sahihi.

Nilipofika nilimwomba achape nikiona. Nywila yake inaishia kwa tarakimu nne, na tarakimu huzichapa kwa zile namba za upande wa kulia wa kibodi, kidole kimoja, bila haraka. Herufi ziliingia, vitone vikajipanga. Alipofika kwenye namba, vitone viliacha kuongezeka. Kile kistari kinachopepesa kikawa kinarukaruka tu, mara mwanzo wa kisanduku, mara mwisho. Taa ya Num Lock, kitufe kinachoziruhusu namba hizo kuandika, ilikuwa imezima, kwa hiyo namba zake zilikuwa zinasogeza kistari badala ya kuandika.

"Mzee, bonyeza hapa. Taa ikiwaka uko sawa."

"Leo ni taa, kesho nini? Tuko wawili tu hapa, mimi na mama. Hiyo nywila inamzuia nani? Itoe."

Ombi hilo nalisikia kila mara, hasa kwa wenye zile HP Compaq na Dell OptiPlex za ex-UK zinazouzwa kuanzia Moi Avenue hadi Luthuli. Ni mashine za ofisi zilizozeekea ng'ambo zikaja kustaafia sebuleni kwetu. Na kila mara jibu langu ni lile lile: nywila sitoi, lakini nitakufanyia mashine isikuulize.

Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukifuta nywila, akaunti inabaki uchi. Ukiiacha nywila na kuiambia kompyuta ijichapie kila inapowaka, unapata urahisi ule ule, ila nywila bado ipo na bado inafanya kazi. Kazi gani? Chrome ikiombwa kuonyesha nywila zilizohifadhiwa, kwenye Windows huuliza kwanza nywila ya akaunti. Ukitaka printa ya sebuleni itumike na laptopu ya chumbani kupitia mtandao wa nyumbani, Windows kwa kawaida hukataa akaunti isiyo na nywila kuingia kutoka mashine nyingine. Na mtu akitaka kuingiza programu ndani ya mashine, ataulizwa nywila ya msimamizi, naye akikosa atakwama hapo. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya mzee akubali. Ana wajukuu, na kila likizo ikiisha kompyuta huachwa na michezo ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi.

Kabla ya kugusa chochote, amua ni akaunti ipi itakayofunguka yenyewe. Kwangu hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine ni kubofya tu.

Mashine ikishaanza kuingia yenyewe, yeyote anayeiwasha ni wewe. Ndiye mwenye barua pepe yako iliyoachwa wazi. Ndiye mwenye eCitizen na iTax yako (huduma za serikali na kodi mtandaoni) kama kivinjari kimehifadhi nywila zake. Kama wewe ni mweka hazina wa chama, daftari la michango liko mikononi mwake. Kwa hiyo usiifanye akaunti yako kuu ijifungue. Tengeneza nyingine ya matumizi ya nyumba, isiyo na mamlaka ya usimamizi, na hiyo ndiyo uiachie mlango. Yako ibaki imefungwa, uifungue kwa mkono siku unapolipa kodi.

Kuna mashine ambazo sifanyi kazi hii hata nikibembelezwa. Laptopu ni moja, kwa sababu laptopu huibiwa kwenye matatu ikiwa mzima na nywila ndani yake. Kompyuta ya chumba kinachokaliwa na watu wanne wasio ndugu ni nyingine. Desktopu iliyo sebuleni kwa watu wawili wazima, sina neno.

Sasa kazi. Naanza na Windows 7 kwa sababu ndiyo ninayoikuta zaidi kwenye mashine hizi, ingawa Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020 na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109. Kama mashine yako ina Windows 7 na inaingia intaneti, usiifanyie benki humo. Kuandika muhtasari wa mkutano wa kwaya, sawa.

Hatua ya kwanza: akaunti ya nyumba

Fungua "Control Panel", kisha "Add or remove user accounts", kisha "Create a new account". Andika jina fupi, herufi ndogo, bila nafasi katikati. Mimi huandika "nyumbani". Acha alama ilipo, kwenye "Standard user". Akaunti ikishatokea, ibofye na uipe nywila kwa "Create a password". Ndiyo, ipe nywila. Hutaichapa kila siku, kwa hiyo hakuna haja iwe fupi.

Toka kwa "Log off", ingia kwa akaunti hiyo mpya mara moja kwa mkono. Mara ya kwanza itachelewa, itaandika kwamba inaandaa "desktop", iache. Usishtuke ukikuta hakuna picha wala barua. Faili za zamani ziko kwenye akaunti ya zamani. Zile ambazo nyumba nzima inazihitaji zihamishie kwenye folda za "Public", ambazo akaunti zote huziona. Kwa mzee tulihamisha picha za harusi ya binti yake na nyimbo za kwaya. Barua za pensheni tuliziacha zilikokuwa.

Hatua ya pili: kuiambia mashine ijichapie

Rudi kwenye akaunti ya msimamizi. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R. Kidirisha kidogo kitatokea chini kushoto. Andika:

netplwiz

kisha Enter. Kama ni Windows XP (ambayo ilifikia mwisho wake tarehe 8 Aprili 2014, lakini bado naziona), neno hilo halitafanya kazi. Andika "control userpasswords2". Neno hili la pili linakubalika kote, XP na zilizofuata, kwa hiyo ukitaka kukariri moja, kariri hilo.

Dirisha litafunguka lenye orodha ya akaunti, na juu yake kisanduku chenye tiki kinachosema watumiaji lazima waandike jina na nywila. Mpangilio wa kubofya hapa una maana. Bofya kwanza jina "nyumbani" kwenye orodha, lijae rangi. Halafu ndipo uondoe tiki. Ukianza na tiki, orodha yote hufifia na huwezi tena kuchagua jina.

Bonyeza "Apply". Kisanduku kingine kitatokea: jina la akaunti, nywila, na nywila tena. Soma hilo jina. Kama si "nyumbani", lirekebishe hapo hapo. Kisha chapa nywila mara mbili.

Ngoja kidogo hapa, maana hapa ndipo simu nyingi za "fundi, imekataa" zinapozaliwa. Kisanduku hiki hakihakikishi kama nywila uliyoandika ni ya kweli. Kinaangalia tu kama ulizoandika mara mbili zinafanana. Ukikosea mara mbili kwa namna moja, kitapokea. Ukiacha wazi, kitapokea vilevile. Kosa utaliona utakapowasha tena, mashine ikijaribu kuingia, ikishindwa, na kukuandikia kwamba nywila si sahihi ilhali hujaandika kitu. Watu hudhani mashine imeharibika. Haijaharibika, inarudia kosa lako kwa uaminifu. Ingia kwa mkono, fungua tena netplwiz, rudisha tiki, "Apply", itoe tena, uandike upya. Na angalia taa ya Num Lock, hata wewe.

Hatua ya tatu: ijaribu mara mbili

Mara ya kwanza kwa "Restart". Mara ya pili izime kabisa, chomoa waya ukutani, hesabu hadi thelathini, rudisha na uwashe. Natumia waya kwa sababu kompyuta ya Nairobi mara nyingi huzimwa na stima, si na mwenyewe. Ikishazimika ghafla, Windows 7 inaweza kuwaka na ukurasa mweusi unaokuuliza uanze kwa njia gani, na sekunde thelathini zinazohesabiwa kurudi nyuma. Mwonyeshe mwenye mashine ukurasa huo akiwa na wewe, mwambie asiguse chochote. Muda ukiisha itaendelea yenyewe, na kuingia kutafuata.

Siku unayotaka kuingia kwenye akaunti yako badala ya ile ya nyumba, njia rahisi ni kuiacha ifunguke kisha ubonyeze "Log off". Orodha ya akaunti itatokea. Njia nyingine ni kushikilia Shift wakati inawaka, usiiachie mpaka uone orodha. Mimi hupenda ya kwanza. Shift inataka mkono wenye subira.

Windows 10: kisanduku hakipo

Utafungua netplwiz na kisanduku cha tiki hukioni. Si wewe. Nenda "Settings", "Accounts", "Sign-in options", utafute kipengele kinachoruhusu Windows Hello (kuingia kwa PIN, uso au kidole) peke yake kwa akaunti za Microsoft. Kizime, funga kila kitu, fungua netplwiz upya. Kisanduku kitakuwa kimerudi.

Kama kipengele hicho nacho hukioni, kuna njia ya rejista, ile hifadhi ya ndani ambamo Windows huweka mipangilio yake. Windows na R, andika regedit, kisha fuata njia hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\PasswordLess\Device

Humo kuna DevicePasswordLessBuildVersion. Kama ina 2, weka 0. Usiguse kingine.

Kuna mtego wa pili wa Windows 10, nao ni PIN. Mtu amezoea kuingia kwa tarakimu nne, kwa hiyo netplwiz inapomwomba nywila anaandika hizo nne. Inazipokea, si tumeona haihakikishi? Halafu asubuhi inakataa. PIN si nywila. Kinachotakiwa pale ni nywila ya akaunti yenyewe, na kama akaunti ni ya Microsoft, ni ile ya barua pepe ambayo huenda uliichapa mara moja siku uliyonunua mashine. Hii ni sababu nyingine ya kutumia akaunti ya nyumba isiyo ya mtandaoni: nywila yake umeitunga mwenyewe leo.

Windows 10 nayo imekwisha muda wake wa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Nalisema mara moja tu, nanyamaza.

Kuhusu ile njia ya rejista ambayo mafundi wengi huifundisha

Kuna mwongozo unaozunguka mitandaoni: fungua regedit, nenda kwenye Winlogon (sehemu ya rejista inayosimamia kuingia), weka AutoAdminLogon iwe 1, andika DefaultUserName, andika DefaultPassword, umemaliza. Inafanya kazi. Niliitumia miaka kadhaa kabla sijafikiria ninachokiandika. Ile DefaultPassword inakaa pale kwa maandishi ya kawaida. Mtu yeyote aliyekaa mbele ya mashine, akijua njia, anaisoma kama anavyosoma bango. Netplwiz huficha nywila hiyo kwenye sehemu iliyofichwa kimaandishi, isiyosomeka hivi hivi, ndani ya Windows, msimamizi pekee ndiye anayeweza kuihangaikia. Programu ndogo iitwayo Autologon, ya bure kutoka kwa Microsoft katika mkusanyiko wa Sysinternals, nayo hufanya hivyo hivyo.

Njia ya rejista ina kasoro nyingine ya kuudhi. Mtu mwingine akiingia kwa mkono, jina lake linaweza kuandikwa juu ya DefaultUserName. Kesho mashine inachukua jina la yule na nywila ya huyu, na bila shaka inakataa. Ukiwa na mashine inayoingia vizuri wiki nzima kisha inagoma kila Jumatatu, angalia nani huitumia Jumapili.

Mahali ambapo bado nafungua Winlogon ni kwenye mashine niliyoletewa ikiwa imefanyiwa hivyo na fundi mwingine. Nafuta DefaultPassword, naweka AutoAdminLogon iwe 0, kisha naanza upya kwa netplwiz. Na kama mashine bado inaonyesha jina la kikoa cha ofisi ya zamani (mtandao wa ofisi ulioisimamia), nalo liliifuata kutoka ng'ambo, netplwiz haitakupa kisanduku kabisa. Usihangaike nayo. Mashine hiyo inahitaji kufutwa na kuwekewa Windows upya, maana huwezi kujua ofisi ile iliacha nini ndani.

"Lakini ulisema haitaniuliza!"

Siku tatu baadaye mzee alipiga tena. Kompyuta haikuuliza ilipowaka. Ilimuuliza aliporudi kutoka kunywa chai.

Kuwaka ni kitu kimoja, kuamka usingizini ni kingine, na kila kimoja kina mlango wake. Fungua "Power Options", upande wa kushoto bofya "Require a password on wakeup". Maneno ya chini yatakuwa yamefifia mpaka ubofye ule mstari wa juu unaokuruhusu kubadilisha mipangilio isiyopatikana. Kisha chagua "Don't require a password" na uhifadhi. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya skrini ya mapumziko, uondoe tiki kwenye "On resume, display logon screen". Watu hufanya moja, husahau nyingine, kisha husema Windows ina uchawi. Kwenye Windows 10 swali la kuamka liko pale pale kwenye "Sign-in options".

Kwa mzee sikuishia hapo. Nilizuia mashine isilale kabisa, skrini tu ndiyo izime baada ya dakika kumi. Mashine ya umri ule huamka usingizini kama mtu aliyeshtuliwa: mara sauti haipo, mara mtandao umepotea. Heri izimwe kwa heshima jioni.

Betri ndogo inayoharibu kila kitu

Unaweza kufanya yote haya sawasawa na bado mwenye mashine akakuambia haiingii yenyewe. Ukifika unakuta skrini nyeusi yenye maandishi meupe yanayotaka abonyeze F1 ili iendelee. Windows haijafikiwa hata. Kinachoongea hapo ni ubao mkuu, unalalamika kwamba umesahau saa na mipangilio yake, kwa sababu betri yake ndogo imekufa.

Ni ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Namba hizo ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ni ya volti 3. Wauzaji wa vifaa vya umeme wanayo, hata wa saa wanayo. Mashine iliyokaa miaka kumi haijawahi kufunguliwa, betri hii nabadilisha bila kuuliza.

Dalili yake ya pili ndiyo inayogharimu watu. Niliwahi kuitwa Kayole kwa mama aliyenunua bando mara mbili siku moja. Kurasa zote zilikuwa zinakataa kufunguka, kwa hiyo aliamini intaneti imeisha. Nilitazama kona ya chini kulia: mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Kila ukurasa salama una cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini iko mwaka ambao cheti hakijazaliwa, kivinjari kinakataa kuingia, na kina haki. Windows hulinganisha saa yake na intaneti, lakini kwa mashine ya nyumbani yenye Windows 7 hiyo ni kama mara moja kwa wiki, kwa hiyo usiingoje. Rekebisha tarehe kwa mkono, kisha badilisha betri, la sivyo stima ikipotea usiku mtaanza tena.

Kubadilisha si kazi ngumu. Kama mipangilio bado haijapotea, ingia kwanza kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao mkuu wenyewe (inapowaka bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP), na upige picha kurasa zake kwa simu, hasa ule unaosema diski inasomwa kwa AHCI, IDE au RAID. Ukiurudisha tofauti na ulivyokuwa, Windows itakuwekea skrini ya buluu na utadhani umeua diski. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Fungua kifuniko. Sukuma kile kikamatio cha pembeni kwa bisibisi ndogo, betri itaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukikutazama. Washa, ingia BIOS, weka tarehe na saa, hifadhi.

Ukiwa humo BIOS utaona kipengele cha kuamua mashine ifanye nini stima ikirudi: Dell huita "AC Recovery", HP huita "After Power Loss". Wengine huiweka iwake yenyewe, ili pamoja na kuingia yenyewe iwe inajiendesha kama friji. Mimi siiweki hivyo nyumbani. Stima ikirudi mara nyingi hurudi kwa kigugumizi, inawaka, inazima, inawaka, na sitaki diski ya zamani iruke pamoja nayo. Iache izime. Mwenyewe atabonyeza mambo yakitulia.

Waliohamia Linux Mint

Mashine nyingi za namna hii sasa nazihamishia Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, yenye sura nyepesi iitwayo Xfce, na huko kazi ni fupi zaidi. Fungua "Login Window" kwenye menyu ya usimamizi, nenda sehemu ya "Users", andika jina la akaunti mahali pa "Automatic login". Hiyo tu. Anayependa faili, afungue /etc/lightdm/lightdm.conf kwa sudo (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi) na kuandika:

[Seat:*]
autologin-user=nyumbani
autologin-user-timeout=0

Jina liwe lile lile la akaunti, herufi kwa herufi. Na kama wakati wa kuweka Mint ulichagua folda ya nyumbani ifichwe kimaandishi, usahau habari hii. Nywila ndiyo ufunguo wa folda hiyo, bila wewe kuichapa hakuna cha kufunguka.

Kitu kimoja kitakukera. Mashine inaingia yenyewe vizuri, unafungua Chrome, halafu kidirisha kinatokea kuomba nywila ya "keyring". Hicho ni kibeti ambamo mfumo huweka nywila za programu. Kwa kawaida hufunguliwa na nywila unayochapa unapoingia. Sasa huichapi, kwa hiyo kinabaki kimefungwa. Unaweza kukifungua kwa mkono kila siku. Au fungua programu iitwayo "Passwords and Keys", bofya kulia kwenye "Login", chagua kubadilisha nywila, andika ya zamani, na mpya uiache tupu. Itakuonya kwamba vilivyomo vitakaa bila kufichwa. Inasema kweli. Kwenye akaunti ya nyumba isiyo na siri nakubali. Kwenye akaunti yenye nywila za kodi, sikubali.

Nywila isiyochapwa husahaulika

Hili nilijifunza kwa aibu, kwa mashine ya mjomba wangu. Ilijiingiza mwaka mzima bila tatizo, mpaka siku tulipotaka kubadilisha nywila ya ile akaunti. Windows ikaomba kwanza nywila ya zamani. Yeye hakuikumbuka. Mimi niliyeiweka sikuikumbuka. Kila mtu alikuwa ndani ya mashine na hakuna aliyekuwa na ufunguo wake.

Tangu hapo, kabla sijaondoka naandika nywila zote mbili, ya nyumba na ya msimamizi, kwenye karatasi, kwa herufi kubwa na ndogo zinazotofautishika, na karatasi inakwenda kwenye bahasha ya hati za nyumba. Isibandikwe kwenye skrini. Kwenye Windows 7 natengeneza pia flashi ya kuokoa nywila: chomeka flashi, fungua "User Accounts" ukiwa ndani ya akaunti husika, bofya "Create a password reset disk", andika nywila ya sasa. Fanya siku hiyo hiyo, maana inahitaji nywila unayoikumbuka. Flashi hiyo nayo ni ufunguo, kwa hiyo inaingia bahasha ile ile. Mzee aliiandikia "USIFUTE" kwa kalamu nyekundu.

Kurudisha ilivyokuwa

Siku mashine inapotoka nyumbani, ikauzwe au ikatengenezwe, hata kama inaletwa kwangu, funga mlango kwanza. Fungua netplwiz, rudisha tiki, "Apply", kisha "Restart" uone kama inauliza. Kwenye Mint futa jina uliloandika kwenye "Login Window". Na kama mashine iliwahi kupita kwa fundi wa ile njia ya rejista, fungua regedit, nenda

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon

na utazame kama DefaultPassword bado ipo. Ikiwepo ifute, kisha uende ukabadilishe nywila hiyo kila mahali pengine ulipoitumia.